Nani alishachezesha banafunzi mchezo wa kufundisha biashara bila wizi? (Lubumbashi)

MwalimuKatuba

Jambo yenu bandugu. Niko mwalimu mu shule moja ya hapa Lubumbashi, opsio Komersiale na Gestio, nafundisha batoto ba mwaka wa mwisho, bale banatayarisha Ekzeta (mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari). Nakuja na ulizo ya kweli, naomba musinichekee.

Kozi ya ECM (elimu ya uraia na maadili) banaijua yote. Ukiuliza uaminifu mu biashara ni nini, mutoto anasimama anakutolea maneno yote vile yameandikwa mu kaye, unamwekea 9 juu ya 10, hauna cha kusema. Sasa sisi tuko na biashara ndogo ya kalasi, batoto banauzisha mandazi saa ya rekreasio, kuko kesi (sanduku ya pesa) na karne (kitabu cha kuandikia) ya kesi, ni ili bajifunze kushika vitabu vya kweli bila kungojea siku batapata kazi. Juzi nikasimama nyuma ya kijana mwenye kushika kesi. Beseni imerudi tupu, mandazi 60 ndizo zilitoka jikoni, nilikuwa pale bakihesabu. Yeye akaandika 52. Akaangalia, akafuta na gomu, akaandika 50, juu 50 "inakaa muzuri" mu kolone. Nikamuuliza, zile zingine? Hata hakutetemeka: "Mwalimu, ile ni transpoti ya mwenye kubeba." Na beseni inatoka jikoni mpaka chini ya muembe, mwendo wa kupiga chafya! Kalasi nzima ikacheka, na haikumcheka yeye, ilinicheka miye. Mumoja nyuma akasema "artikle 15 mwalimu, ile njo biashara", maana yake kila mutu ajitafutie vile anaweza.

Sikumupatia azabu juu niliona azabu itamufundisha tu kuficha vizuri zaidi siku ingine. Nikaanza kufikiri mambo ya michezo, nasikia kuko batu banafundisha etiki (maadili) ya biashara na michezo kuliko na hotuba. Nikatafuta ku intaneti, ile nilipata yote inaomba kompyuta kwa kila mutoto, na kwetu kuko kompyuta moja mu biro ya prefe (mukubwa wa shule) na SNEL (kampuni ya umeme) ikikata njo bas, na batoto beko batatu batatu ku banki moja. Tena ile michezo mingi ni ya kuchagua A, B, C.

Basi naomba: mchezo gani unawezekana bila kompyuta, na kalasi ya batoto mingi? Je, niwape pointi? Na tena kuko muzazi mumoja, ni pasta, alisikia tu neno "mchezo" akasema hapana, nitaingiza batoto mu kamari. Nimujibu nini?

Mama_wa_Bunga

Mwalimu jambo. Miye nauzishaka bunga ku soko Mzee Kabila, miaka mingi sasa, batoto bangu bote balisoma na ile bunga. Weye unatafuta mbali, mchezo uko hapa ku soko, jina yake ni meka.

Kwa benye habakae Lubumbashi: meka ni kopo ya kupimia bunga, batu bote bananunuaka kwa meka, kilo ni mambo ya benye depo. Sasa banaibaka namna gani na meka? Bamoja banapiga chini ya kopo na nyundo mpaka inaingia ndani, ukiangalia kwa juu haujue kitu. Bengine banashika kopo na vidole ndani, vidole vine, pale kwenye vidole hapana bunga. Lakini ya werevu kabisa ni matabishi, ile nyongeza ya bure. Sikiliza vizuri mwalimu, mwenye meka ya kupigwa njo mwenye kutoaka matabishi mingi! Anajaza, anapandisha kilima, kiisha anaongeza mukono moja juu, "chukua mama, ya batoto", mutu anaenda na furaha, anasema ule mama ana roho muzuri, na kesho anarudia kwake. Miye mwenye kopo ya kweli naongezaka kidogo tu juu sina pa kuitoa, basi naonekana muchoyo. Nimepoteza banunuzi na ile mambo, sisemi bongo (uongo).

Chukua kopo mbili tatu, moja upige chini. Nunua mahindi ao weka muchanga, ile haina bei. Batoto bengine banauzisha, bengine bananunua na vifuniko vya chupa. Mwenye kuuzisha njo anachagua kopo gani atatumia, kwa siri, nyuma ya kitambaa. Matabishi anatoa vile anataka. Mwisho unaita bote, unamimina kila mufuko mu kopo moja ya kweli mbele yao. Usiseme kitu mwalimu, usihubiri. Mimina tu, baone wenyewe mufuko wa mwenye roho muzuri unafikia wapi.

Na pasta umwambie aje acheze.

Kisolo243

Mama wa Bunga amemaliza kila kitu, mimi naongeza tu kitu kidogo kwa mwalimu, juu napenda historia ya michezo.

Ule mchezo wa kununua mitaa na nyumba wenye dunia nzima inacheza, Monopoly, ulizaliwa kuwa somo ya etiki. Mama mumoja Mmarekani, Elizabeth Magie, alipata hati ya uvumbuzi mwaka 1904, akauita The Landlord's Game. Alifuata mawazo ya Henry George, ule aliyesema mwenye ardhi anatajirika na kodi bila kutoa jasho. Sasa ujanja wa Magie njo huu: aliweka sheria aina mbili kwa ubao ule ule. Kwa sheria ya kwanza mwenye kukusanya ardhi anawafilisi bengine bote mpaka anabaki peke. Kwa ya pili, mali ikiongezeka bote banapata kitu. Alitaka batu bacheze zote mbili basikie tofauti mu tumbo, haina mu masikio.

Na kilichotokea unakijua, dunia ilishika sheria ya kwanza tu. Mu 1935 kampuni ya Parker Brothers ikanunua mchezo kutoka kwa Charles Darrow, mwanaume mwenye alikuwa akiuuzisha kama wake, akatangazwa kama yeye ndiye muvumbuzi, na Magie akalipwa dola 500 kwa hati yake. Hii peke ni somo ya saa nzima mwalimu! Wape batoto hii hadithi, waulize nani alikosea, Darrow, kampuni, ao hakuna, juu mama mwenyewe alitia sahihi? Utaona kalasi inagawanyika.

Kwa hiyo mchezo wa meka ucheze na sheria mbili. Siku ya kwanza soko bila mwenye kuangalia. Siku ingine batoto bale bale, kopo zile zile, lakini kuwe mezani kopo moja ya kweli yenye kila mnunuzi anaweza kupimia tena mbele ya mwenye kuuzisha. Usibadilishe kitu kingine. Kiisha bandike hesabu za siku mbili ku tablo, upande kwa upande.

Kontable_Kzi

Bonjour mwalimu, niko Kolwezi, kontable (mwenye kushika hesabu). Kuhusu ile michezo ya A, B, C ninaijua sana, ku kampuni moja kubwa yenye nilifanyia kazi (sitaji jina) kila mwaka banatuketisha mbele ya tableti: "Mwenye kuleta bintu anakupatia kado ya Noeli, unafanya nini?" Majibu matatu. Kila mutu anajua jibu ni ile refu, yenye maneno "kuarifu" ndani. Tunapata 100 juu ya 100, banatupatia seritifika, tunarudi kazini. Nimeona mutu mwenye seritifika tatu ku ukuta bakimufukuza juu ya fakitire ya uongo.

Lakini si lazima iwe vile. Lockheed ya Marekani, benye kutengeneza ndege za vita, mu 1976 ikajulikana walikuwa bakihonga bakubwa ba nchi zingine ili banunue ndege, Japani mpaka waziri mukuu wa zamani akakamatwa, na mu 1977 Marekani ikatoa sheria ya kukataza kampuni zake kuhonga bakubwa ba inchi ya kigeni. Baadaye ikaungana na Martin Marietta, na mu miaka ya 1990 Lockheed Martin ikawa inafundisha bafanyakazi etiki na mchezo wa ubao na kadi, na katuni za kuchekesha za maisha ya biro. Pointi zilikuwako, ndiyo, lakini kitu cha maana ni kwamba shefu na bafanyakazi bake balikaa meza moja, bakabishana kila kadi mbele ya kujibu. Mwenye kazi ya chini akapata ruhusa ya kusema "shefu, hapa kwetu tunafanyaka hii kila siku". Tableti haikupatie ile.

Kama unataka mchezo wa mambo ya kwetu, cheza metoreksi. Kwa benye habajue, ku Musompo, karibu na Kolwezi, mu depo za kununua mawe ya kobalti mchimbaji analeta mifuko, na mnunuzi anapima kiasi cha kobalti kwa mashini moja ndogo kama bastola, banaiita metoreksi. Mashini ni ya mnunuzi. Mwenye kusoma namba ni mnunuzi. Anasema "yako ni 2" (juu ya mia), na weye ulitoka chini na imani ya 4, sasa utafanya nini, urudishe mifuko kwa mugongo?

Mu kalasi: weka namba 1 mpaka 10 ndani ya bahasha, ufunge. Mchimbaji anajua tu kwamba iko kati ya 1 na 10. Mnunuzi anafungua peke yake, anasoma, anatangaza namba yenye anataka. Mchimbaji anakubali ao anaenda kwa depo ingine, lakini kila safari ya kwenda depo ingine inamukatia kifuniko kimoja cha transpoti. Ukicheza mara mingi utaelewa juu ya nini hata bachimbaji ba kweli banaanza kuchanganya mawe ya bure ndani, banasema kama nitaibiwa tu, juu ya nini nilete safi?

Mchumi mumoja Mmarekani, George Akerlof, aliandika hii mu 1970 juu ya magari ya okazio, mnunuzi hajui gari gani ni mbovu basi anatoa bei ya chini kwa yote, benye magari mazuri banatoka ku soko, yanabaki mabovu. Alipata Nobeli mu 2001. Musompo ni kinyume, mwenye kujua ni mnunuzi, lakini mwisho ni ule ule, soko inajaa mawe.

Muzee_Kenya (komine ya Kenya hapa Lubumbashi, haina Kenya ya Nairobi)

Bote munaongea vizuri, Akerlof, Magie, sijui nani. Sasa musikilize muzee kidogo.

Batoto banajua kuiba kupita hii michezo yenu. Ule wa mandazi alijifunza wapi? Alijifunza ku shule! Hapa hapa mu muji wetu mutoto anaonaka mwalimu anauzisha silabisi (kitabu cha kozi yake) kwa lazima, asiye nunua anakosa pointi. Anaonaka kubransha, pesa inapita chini ya meza na 4 inakuwa 12. Anaonaka ruleji (polisi wa barabarani) anaomba "sukre", ni kusema hongo. Anarudi nyumbani babake amejenga nyumba na pesa ya mishoni (safari ya kazi) yenye hakuenda. Kiisha munamupatia mahindi na vifuniko vya chupa ili ajue wizi ni mubaya? Anajua ni mubaya. Anajua tena kwamba unalipa.

Na msinidanganye na kampuni kubwa. Glencore ilikubali mbele ya sheria ya Marekani mu 2022 ya kama ilihonga, na Kongo yetu iko mu ile lista ya nchi, na mwisho wa ule mwaka wakapatana na leta (serikali) yetu kulipa dola milioni 180. Unafikiri bale balikosaka kozi ya etiki? 

Mwalimu, sina ubaya na weye, naona una roho. Lakini mchezo wenye mwizi anashindwa kila mara ni bongo, na batoto batajua ni bongo. Na mchezo wenye mwizi anashinda, basi umefungua shule ya bwizi. Chagua.

Kontable_Kzi

@Muzee_Kenya heshima yako muzee. Kwa Glencore umesema ukweli. Lakini pale kwa "chagua" nakataa. Ku Musompo mnunuzi mwenye kutangaza 2 ANASHINDA, leo. Mimi sitaki kuficha hiyo kwa mutoto. Nataka aone vile analipisha nani, na mchimbaji akirudi na mawe, nani mwingine analipa. Kama mchezo unaficha faida ya wizi, hapo ndipo ni bongo, unasema kweli.

Dada_Bkv

Habari zenu, mi niko Bukavu, nafanyaka na ba mama ba AVEC, vile vikundi bya kuweka na kukopa. Nilisoma yote mpaka usiku, nashukuru Muzee pia juu amesema ile bengine banaogopa kusema.

Mwalimu, nakupatia mchezo moja wa maharagi, tunauchezaka na ba mama mbele ya kufungua kikundi kipya, ni rahisi sana na hauombi kitu. Batu batano. Kila mumoja maharagi 10. Kila mutu anaweka kwa siri ndani ya mufuko ile anataka, ingine anabaki nayo. Weye unahesabu ile iko mu mufuko, unaongeza mara mbili, unagawa sawa sawa kwa bote batano, hata kwa ule hakuweka kitu. Bote bakiweka 10, ni 50, inakuwa 100, kila mutu anaenda na 20. Muzuri. Sasa mumoja akificha yake yote: benzake bananne banaweka 40, inakuwa 80, kila mutu anapata 16, lakini ule mwerevu eko na 16 pamoja na 10 yake, ni 26. Anacheka peke yake. Duru yenye kufuata, kuko baerevu babili. Yenye kufuata batatu. Kiisha mufuko unakuwa karibu tupu na kila mutu anaangalia mwenzake vibaya, na hakuna mutu alisema neno!

Ile si mambo ya Kongo, bachumi baliicheza mu nchi mingi na inaanguka vile vile. Ernst Fehr na Simon Gächter balionesha mu 2000 kwamba ukiruhusu mutu kutoa kidogo ya kwake ili kumukata ule mwenye kuficha, mufuko unajaa tena. Kwa hiyo tunaongeza sheria: ukitoa haragi moja, mwenye umechagua anapoteza tatu. Hapo inabadilika, ata ba mama bapole banakuwa simba.

Lakini mi napenda zaidi duru ya mwisho, ya sanduku. Mu AVEC pesa inahesabiwa mbele ya macho ya bote, sanduku iko na kufuli tatu na funguo zinashikwa na batu batatu tofauti, hakuna anaweza kufungua peke yake. Ile njia ilianzia Nijeri mu 1991 na shirika CARE, sasa iko mu vijiji mingi huku Kivu. Basi cheza duru moja yenye kila mutu anaweka maharagi yake juu ya meza, wazi, anasema namba kwa sauti. Usikate mutu. Angalia tu.

Kuhusu ile Muzee anasema, "shule ya bwizi": mu mchezo kila mutu anapita kila nafasi. Leo uko mwenye meka, kesho uko mwenye kununua. Na ukimaliza, wa kwanza kusema asikuwe mwizi, juu mwizi ataeleza akili yake na kalasi itapiga makofi. Wa kwanza ni ule alitoka na kidogo. Unamuuliza, ulijisikia namna gani, na ulifikiri ni nani? Mara mingi anataja mutu asiye yeye! Anashitaki mwenye haki. Ile kimya yenye inafuata pale, hakuna kozi ya ECM inaweza kuileta.

Pointi: usipatie mwenye kushinda. Ukiweka pointi kwa "mwaminifu", bote batakuwa baaminifu mpaka kengele ilie.

Kontable_Kzi

Dada_Bkv amesema vizuri. Kwa pointi nina wazo la kikontable: pima karne, usipime roho. Mwisho wa mchezo kila mutoto anaandika vitabu vyake vya kweli, na wizi wake ndani. Yule wa mandazi mwambie hivi, sawa, unasema ni transpoti, basi iandike. Mandazi 60 ziingie zote mu konti namba 70, mauzo. Kiisha transpoti mu konti 61, itoke mu kesi, konti 57. Kongo iko mu OHADA (inchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara na hesabu) tangu 2012, plani ya hesabu inajulikana, hata ku Ekzeta banaiuliza. Sasa muulize pyesi (karatasi ya ushahidi) iko wapi, nani alipokea ile pesa, nani alitia sahihi, na nani alikubali bei? Kalamu itasimama. Kama kweli kulikuwa mwenye kubeba, atalipwa na atasaini, hakuna shida, na wewe utajua kwamba kuko mutoto anabeba beseni bila malipo, ile pia ni mambo ya etiki.

Pointi ni kwa vitabu vyenye kusema ukweli, hata kama ukweli ni "niliiba vifuniko 6".

MwalimuKatuba

Aksanti sana bote, sikufikiri nitapata hii yote. Kontable, ile ya 61 na 57 nitaifanya hata kesho, sihitaji mchezo.

Kwa mchezo naanza na meka ya Mama, na sheria mbili za Kisolo, kiisha maharagi ya Dada. Metoreksi naiweka kwa baadaye juu kuko batoto benye bababao banachimba na bengine benye bababao beko na depo, na sitaki vita mu kalasi mbele sijajua kuiongoza.

Kitu kimoja kinanisumbua. Mwizi akishinda na kalasi ikamushangilia? Juu najua bale batoto, batamubeba ku mabega!

Kisolo243

Wacha bamushangilie, lakini usifunge mchezo pale. Kati ya duru na duru wape banunuzi nafasi ya kuongea wenyewe kwa wenyewe, redio ya barabarani. Ukikataza kuongea umetoa kitu chenye kinashika soko yote ya kweli.

Na usitangaze duru ya mwisho. Hii ni ya maana sana. Wakijua "hii njo ya mwisho", hata mwaminifu anaiba, juu kesho haiko. Robert Axelrod, profesa wa Marekani, karibu na mwaka 1980 aliomba bataalamu bamutumie programu za kompyuta zishindane mu mchezo wa kusaidiana ao kusalitiana, na iliyoshinda ilikuwa fupi kabisa, ya Anatol Rapoport: anza na wema, kiisha mufanyie mwenzako ile alikufanyia duru iliyopita. Akikuumiza unamurudishia mara moja, akirudi ku njia unasahau. Lakini ile inafanya kazi tu kama mutajua mutakutana tena. Basi weka saa mfukoni, piga kengele vile unataka, hata katikati.

Mama_wa_Bunga

Kisolo anasema kweli. Ku soko mwenye kuiba sana ni mwenye kupita, ule wa siku moja na pusupusu. Mwenye meza yake anaogopa kidogo. Haina juu ana roho muzuri, juu meza haikimbie.

Mwalimu, kopo za mchezo nitakupatia. Ile ya kupigwa iko, nilinunuaka stoki ya mama mumoja mwenye kuacha biashara nikaikuta ndani. Pita asubuhi, mbele ya saa ine, kiisha jua inakuwa kali siongee na mutu.

Muzee_Kenya

Sawa. Nimesoma yote. Ile ya kusema wa kwanza ni mwenye kuibiwa, napenda. Na ile ya karne napenda zaidi.

Lakini ulizo yangu iko pale pale mwalimu, haujaijibu. Banafunzi batacheza. Na balimu? Kama mutoto anaona mwalimu wa silabisi amesimama ku mulango anaangalia mchezo wa uaminifu, mikono mu mifuko, umepoteza wakati wako.

MwalimuKatuba

Muzee, nimeongea na benzangu leo saa sita. Bawili bamekubali, mumoja amesema ana kazi mingi (ni ule unafikiri). Prefe amekubali kuwa mnunuzi ku duru ya kwanza ya meka, na yeye hatajua kopo gani ni gani, basi batoto bataamua wenyewe kama banaweza kumuibia prefe. Pasta nilimualika, amesema atatuma bibi yake.

Mama, nitapita kesho saa moja.

Mama_wa_Bunga

Lete mufuko ya kubebea. Na unirudishie zote, ile ya kupigwa pia, sitaki ifike ku meza ya mutu.